Mwaka wa Vyungu Sita

Mwaka juzi nilialikwa Mbamba Bay kwenye ubatizo wa mtoto wa jamaa zetu. Baada ya misa, watu walipokuwa wakitafuta pa kukaa na kula, nilimwona bibi mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani amechuchumaa mbele ya mtoto wa miaka mitatu hivi, mtoto analia, bakuli la mboga limesukumwa mbali. Bibi yule hakumbembeleza wala hakumtisha. Alimpa kisogo, akaanza kula ile mboga mwenyewe polepole, huku akilalamika kwa watu waliokuwa karibu kwamba alimpikia mgeni wake na mgeni hajaja, sijui amepotelea wapi, hata hodi hajapiga. Mtoto akanyamaza. Akasogea kidogo, akasogea tena, akamgonga bibi yake mgongoni na kusema hodi. Nilijikuta nimesimama. Mchezo ule niliujua ulikozaliwa, maana nilikuwapo ulipozaliwa. Nikaenda nikasimama mbele yake. Akaniangalia, akaweka bakuli chini, akapiga goti kidogo pamoja na uzee wake wote. "Shikamoo, Dada Yusta," akasema. Mimi nimepita miaka themanini, na wote waliokuwa wakiniita dada nilidhani nimekwisha kuwazika. Alikuwa Konsolata wa Chiwanda, ambaye nilimwacha akiwa msichana wa miaka kumi mwenye magoti yenye makovu. Amekuwa mkunga, amestaafu, ana wajukuu wasiohesabika. Tulikaa pembeni tukaongea mpaka vijana wakaanza kukunja maturubai.

Tangu siku hiyo mwaka ule umenirudia mzima. Nimefundisha darasani zaidi ya miaka thelathini, nimeona bendera moja ikishuka na nyingine ikipanda, lakini nikijiuliza ni lini nilijua kwamba naweza kazi ya kulea watoto wa watu, jibu haliko katika darasa lolote. Liko jikoni. Sitasimulia nilikozaliwa wala nilivyofika pale. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza darasa la nane, Mwingereza bado anatawala kutoka bomani Songea, na nilitaka ualimu kuliko nilivyotaka kuolewa. Nafasi za wasichana chuoni zilikuwa chache mno. Padri mkuu wa misheni aliniambia kwamba nikilisimamia bweni lao dogo la wasichana kwa mwaka mmoja bila lawama, ataniandikia barua ya kunipeleka chuoni. Nikikosea, alisema kwa upole, basi nitakuwa nimepata mwaka mmoja wa uzoefu.

Misheni ilikuwa mahali ambapo Umatengo unaishia na nchi inaanza kushuka kwenda ziwani, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka kijiji cha Mapera. Upande mmoja ulikuwa na milima ya mahindi na kahawa, upande wa pili, asubuhi isiyo na ukungu, ziwa zima la Nyasa lilikuwa limelala chini kama shuka iliyoanikwa. Wasichana wa bweni walikuwa ishirini na saba, wa darasa la tatu na la nne, wote kutoka vijiji vya mbali ambako shule iliishia darasa la pili: Chiwanda, Liparamba, na vijiji vya ziwani ambavyo nilikuwa sijavisikia. Bweni lilikuwa chumba kimoja kirefu cha matofali mabichi, vitanda vya kamba pande mbili, na kucha kutwa kilinuka ukindu na sabuni ya kufulia. Chumba cha kulia ndicho nilichokichukia tangu siku ya kwanza. Kilikuwa na meza mbili ndefu na mabenchi yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanaume wa ujenzi, hata miguu ya watoto ilining'inia, na mbele kulikuwa na meza ndogo yenye kengele ya Sista Adelina, mtawa aliyekuwa mkuu wetu. Kengele ya kwanza, sala. Ya pili, kula kimya. Ya tatu haikulia mpaka kila sahani iwe imekwisha.

Sahani hazikuisha. Ugali na maharage viliondoka haraka, lakini mboga za majani zilibaki, na nikiwa mkweli, hata mimi nilizimeza kwa kufumba macho. Mama Otilia, mpishi wetu, mjane wa Kimatengo mwenye sauti nzito, alizichemsha tangu asubuhi katika pipa lililokatwa nusu, kwa magadi, mpaka zikawa na rangi ya matope na harufu ya nguo mbichi. Papai ndilo lilikuwa balaa kubwa zaidi. Miaka iliyotangulia kuna mtu aliona busara kusaga dawa ya minyoo na kuifukia ndani ya papai lililopondwa, na tangu hapo hakuna msichana aliyekubali kuligusa, hata liwe limeiva namna gani. Mipapai ilizaa nyuma ya kanisa na matunda yake yakaliwa na ndege. Mboga nazo ziliingia katika mifuko ya magauni, chini ya mabenchi, katika nyufa za ukuta. Siku moja nilizikuta ndani ya kopo la maua miguuni pa sanamu ya Bikira Maria. Kiongozi wa wagomaji alikuwa Konsolata. Hakuwa mtundu wala mjeuri. Alikaa tu, mikono magotini, akaangalia sahani yake. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu kabisa kwamba kwao majani ni ya mbuzi, watu hula samaki. Sista alimkalisha pale kuanzia adhuhuri, na kengele ya sala ya jioni ilipolia tulimkuta amelala, shavu juu ya meza, sahani imejaa.

Nilijaribu nilivyojua. Niliwatungia wimbo wa mchicha. Waliuimba vizuri sana, kwa sauti tatu, na hawakula. Nilitia sukari kwenye papai, wakailamba sukari wakaacha papai. Niliwaambia habari za damu na nguvu, wakanisikiliza kama wanavyosikilizwa watu wazima. Siku hizi wajukuu zangu wana mabango ya lishe ukutani, yenye rangi nzuri, na naona watoto wanayapita wakienda dukani kununua vitu vya kwenye pakiti. Siwacheki. Mimi nilikuwa bango kama hilo, tena lenye kuimba.

Mwishoni mwa Machi, mvua zikiwa bado kali, niligundua kwamba jioni tukitoka kanisani Konsolata alikuwa akishika upindo wa gauni la mwenzake. Nilidhani ni mchezo wao. Kisha akatumbukia mtaroni, mahali alipopita kila siku, na alipoinuka alinyoosha mikono mbele kama mtu anayepapasa ukuta. Nilipomleta kwenye taa aliniambia kwa sauti ndogo kwamba jua likizama dunia inafungwa. Tulimpeleka kwa dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati. Alimwangalia sana machoni, akaniuliza anakula nini, na mimi nikaona aibu kujibu. Akasema ugonjwa ule watu wa ziwani wanauita macho ya kuku, kwa sababu kuku naye jua likizama haoni, na kwamba ameona watoto walioachwa hivyo hivyo mpaka hata mchana ukafungwa. Mafuta ya ini la samaki yalikuwa yamemwishia na barabara ya Songea ilikuwa imekatika. Alisema majani mabichi yasiyochemshwa yakafa, alisema boga, alisema papai, kila kitu chenye rangi ya jua. Akawaangalia wengine. Wanne zaidi walikuwa wameanza.

Wiki ile ile, nikipanga mahindi stoo, nilisikia mazungumzo upande wa pili wa ukuta. Padri alikuwa akimwambia Sista kwamba wazazi watatu wamekwisha kuwaondoa binti zao, na kwamba hatakubali kuwarudishia watu watoto vipofu. Hali ikiwa hivi mpaka Julai, bweni litafungwa na chumba kile kitakuwa ghala. Nilijua maana yake. Msichana aliyerudishwa Chiwanda au Liparamba akiwa na miaka kumi hakurudi shule tena. Miaka minne mitano baadaye ungesikia ameolewa. Nikamngoja Sista ajibu kwa ukali wake. Badala yake nilisikia sauti ambayo sikuijua kuwa anayo. "Nimewakalisha, nimewaadhibu, nimewaombea," alisema. "Sijui kingine, Padri." Halafu nikasikia akipenga kamasi.

Baba yake Konsolata alifika siku chache baadaye, ameloa mpaka kwenye mifupa. Alikuwa mchonga mitumbwi, mtu mfupi mwenye mabega mapana, na alikaa kwenye benchi la baraza na tezo lake la kuchongea mapajani, hakutaka kuingia ndani wala kunywa uji. Alisema habari zimemfikia. Alisema mtoto asiyeona akiwa nyumbani ana mama wa kumshika mkono, na hapa atashikwa na nani. Nilipiga magoti mbele yake nikamsalimu, nikamwomba aniachie mtoto mpaka mavuno. Akaniuliza nitafanya jambo gani ambalo sijalifanya. Sikuwa na jibu, na alikuwa mtu wa haki, akaona kwamba sina. Lakini Konsolata alikuwa amesimama mlangoni, akasema kwa Kinyasa kitu nilichokielewa nusu: kwamba amefika katikati ya kitabu na anataka kujua kinavyoisha. Baba yake akapitisha kidole kwenye makali ya tezo.

"Shule ikifungwa Julai nitakuja jua likizama," akaniambia. "Nitapita njia hii ya chini. Akiniona, atabaki. Asiponiona, tunaondoka asubuhi."

Akainuka, akashuka mteremko katika mvua ile ile iliyomleta.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kufua. Nilikuwa natoka mtoni na karai kichwani nikasikia vicheko nyuma ya migomba ya Mama Otilia, nikanusa moshi. Nikatua karai, nikanyemelea. Wasichana saba walikuwa wameinjika kipande cha chungu kilichovunjika juu ya mafiga matatu, wanacheza mchezo wa kupikapika ambao kila mtoto wa kike ameucheza. Ila mboga yao haikuwa ya mchezo. Walikuwa wamechuma majani machanga ya maboga kwenye bustani ya mpishi, wamemenya nyuzi zake vizuri, na walikuwa wametwanga karanga juu ya jiwe, karanga ambazo mpaka leo sijui walizitoa wapi. Konsolata alikuwa mama mwenye nyumba. Wenzake walikaa mbali, wakaja mmoja mmoja, wakapiga hodi, wakasalimiana kwa kirefu, habari za safari, habari za watoto, na yeye akawa anawasihi wale wasione haya. Walikula mpaka wakakomba kile kigae kwa vidole. Na yeye akala nao, kama mwenyeji anavyopaswa. Nilipandwa na hasira kwanza, nikikumbuka miezi mitatu ya kopo la maua na nyufa za ukuta. Kisha nikaingiza upindo wa khanga mdomoni ili nisicheke kwa sauti, maana kumbe jibu nililolikosa mbele ya yule mzee lilikuwa limekaa chini ya migomba likijipikia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Otilia, nikamwambia ukweli wote, kwamba wameiba majani yake. Alikasirika kwelikweli. Akatafuta fimbo. Halafu akasimama, akaniuliza kama wameyala. Nikamwambia wameyamaliza. Akakaa juu ya kinu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miezi mitatu na tulikuwa hatupendani. Aliniona binti wa kitabu niliyekuja kumchungulia sufuria. Siku ile aliangalia pipa lake lililokuwa likitokota, akasema kwamba masista wa zamani ndio walioamuru mboga zichemshwe hivyo kwa kuogopa minyoo, na kwamba nyumbani kwake hakuna mtu angethubutu kupika likolo, mboga ya majani, namna ile na kumpa hata jirani. Kisha akanong'ona kama anayeungama. "Hata mimi mwenyewe sizili, mwanangu."

Tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Nadhani urafiki wetu ulianza pale, na ulidumu mpaka siku alipofariki. Alikuwa na dada yake aliyeolewa kijiji cha ziwani, mfinyanzi, na baada ya wiki mbili vilitufikia vyungu sita vidogo vyeusi vilivyofungwa kwa majani ya migomba, kila kimoja kikitosha mboga ya watoto wanne. Wasichana walikuwa wamebaki ishirini na wanne. Tuliwagawa nyumba sita. Kila nyumba ilijichagulia jina, na sikuwaingilia, ndiyo maana tulikuwa na Nyumba ya Mamba, Nyumba ya Bibi Harusi, na nyumba moja ya watoto wa Liparamba iliyojiita Bomani kwa sababu walisikia kule ndiko watu wanakaa kwenye viti. Mama Otilia akawachukua mteremkoni nyuma ya jiko, akawafundisha kulima kwa Kimatengo: kufunika nyasi kwa udongo, kuchimba mashimo ya ngoro, na kupanda kwenye matuta yanayozunguka shimo, ili mvua isiondoke na udongo. Watoto wa ziwani, waliozoea mchanga, walishangaa kwamba shamba linaweza kuwekwa ukutani. Mchicha, majani ya maboga, matembele, na safu moja ya karoti kutoka bustani ya Sista, ambazo walizichimbua kila siku kuangalia kama zimekua mpaka nikaziwekea mlinzi.

Jumatano na Jumamosi zikawa siku za vyungu. Nyumba tatu zilipika, nyumba tatu zilikuwa wageni. Mgeni alipiga hodi, akasalimia kama mtu mzima, akafumba macho, akalishwa tonge moja na kubahatisha ndani kuna nini. Akikosea, analishwa tena. Unaweza kufikiri walivyojitahidi kukosea. Sharti langu lilikuwa moja tu, kwamba mwenyeji ale kwanza, mgeni aone. Mchicha uliokataliwa miezi mitatu uliisha robo saa, na msichana mmoja wa Nyumba ya Mamba alilia kwa sababu majirani walikuwa wamelisha wageni wengine chungu kikakauka kabla hajafika.

Papai lilibaki. Harufu yake tu iliwakumbusha dawa. Nililikata vipande virefu, nikaviweka juu ya ubao, nikakaa mbali nikijifanya nashona. Konsolata alikuja akavitazama, akasema havijachongwa vizuri, tezi, ile nyuma ya mtumbwi, halina umbo. Nikamwambia sijui mitumbwi, kwetu ni milimani. Akachukua kijiko. Mtoto yule alichonga papai kama baba yake alivyochonga mti, akaacha ukingo sawasawa pande zote, akaketisha mabaharia wa karanga, akaweka kasia la ganda la ndizi. Wenzake wakamzunguka. Kisha mkono ukamponyoka, kijiko kikatoboa chini. Wakasema mtumbwi wake unavuja, mabaharia watakufa maji. Alinitazama, akautazama mtumbwi, na kabla haujazama akautia wote mdomoni na mabaharia wake. Alitafuna kwa uso wa mtu anayengoja uchungu. Uchungu haukuja. Siku ile kila mtumbwi uliochongwa katika bweni letu ulivuja.

Sista Adelina alikuwa Peramiho wiki zile za mwanzo kwa matibabu ya meno, na alirudi bila taarifa, Jumamosi adhuhuri. Alikuta meza zake ni tupu, moshi uani, watoto wamekaa chini wanakula kwa mikono na kusemeshana. Aligonga kengele, akagonga tena. Aliniita pembeni, akasema nimeligeuza bweni kuwa soko, vyungu viondolewe leo, na kuhusu barua yangu ya chuo nisiitegemee tena. Sikuwa nimewahi kumjibu mtu mkubwa maishani mwangu. Siku ile nilimwambia kwamba wamekula. Nikamwambia aangalie chini ya mabenchi, aangalie mifuko yao, aangalie kopo la Bikira Maria. Alikuwa anafungua mdomo kunijibu Konsolata alipokuja na chungu amekishika kwa mikono miwili, mboga ya maboga kwa karanga, mvuke bado unatoka. Hakuwa amesikia kitu. Alipiga goti.

"Sista, karibu nyumbani kwetu," alisema. "Hatujapata mgeni wa kutoka mbali kama wewe."

Sista alikusanya kanzu yake nyeupe. Kisha akakaa juu ya jiwe. Watoto wakamwambia afumbe macho, akafumba. Wakamlisha. Nilikuwa karibu, niliona koo lake likikataa kwanza, halafu likikubali. Baadaye, tukiosha vyungu pamoja, aliniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu pale. Alipokuwa mtoto kwao Ulaya, baada ya vita ile ya kwanza, walikula majira yote ya baridi mizizi ya kulishia ng'ombe, bila chumvi, na baba yao alisimama nyuma yao na mkanda mpaka wamalize. Tangu hapo hakuwahi kula mboga kwa kuitaka. Alidhani ndivyo mboga inavyoliwa. Hakuniomba radhi, na mimi sikuingoja. Alisema tu kwamba Jumatano na Jumamosi kengele itapumzika, watoto wanawe mikono na kusali kwanza, na kwamba Jumatano ijayo yeye ni mgeni wa Nyumba ya Bibi Harusi, wamekwisha kumwalika. Kufikia Juni ile kengele ilipumzika kila siku, na meza na mabenchi vilikuwa vimekatwa miguu.

Macho yalirudi polepole, halafu yote kwa pamoja. Mmoja wa Liparamba aliacha kushika ukuta. Mwingine aliniambia ameona popo. Konsolata niliogopa kumuuliza. Nilikuwa naye kila machweo barazani nikijifanya namsikiliza anavyosoma, kumbe naangalia jinsi kitabu kinavyosogea karibu na pua yake mwanga ukipungua. Kila wiki kilikaa mbali zaidi kidogo.

Siku ya Julai ilikuwa na baridi na upepo wa milimani. Jua lilikuwa limegusa milima ya ng'ambo ya ziwa, tumekaa wote barazani, hata Padri alitoka na koti lake. Njia ya chini ilikuwa imeanza kuingia giza, na mimi mwenye macho mazima niliona tu kwamba kwenye kona, penye mianzi, kuna watu wawili wamesimama. Nilijua mmoja ni yule mchonga mitumbwi na ningeshindwa kusema ni yupi. Walikuwa wamesimama tu, hawaiti, hawapungi mkono. Konsolata aliinua uso kwenye kitabu. Akatazama. Akaweka kidole kwenye ukurasa asipoteze mahali alipofika.

"Yule wa kushoto ni baba," alisema. "Ana tezo begani. Ila kofia si yake, ni ya baba mdogo."

Kule chini yule wa kushoto hakuweza kusikia, lakini aliona mtoto wake anashuka ngazi peke yake, anaruka mtaro, anakimbia mteremko wote bila kupapasa kitu. Akavua ile kofia aliyoazima kwa ndugu yake ili amjaribu. Nilimwona akiinama na kumpokea mikononi. Sista Adelina alinishika bega, akaliminya mpaka likauma, nami sikutaka aliachie.

Kesho yake wazazi wote waliokuja kuchukua watoto walikuwa wageni wa nyumba sita. Wanaume wa ziwani waliokaa wakisema majani ni ya mbuzi walifumba macho wakalishwa na binti zao. Baba yake Konsolata alikula boga, akala matembele, kisha akaomba aongezwe kisamvu, kwa sababu, alieleza, anataka kuona fundi wa chungu hiki alivyomaliza kitako chake kwa ndani. Alikiona kitako. Mama Otilia alipita nyuma yangu akaniambia polepole kwamba yule mzee amekagua vyungu vitatu.

Muhula wa pili ulipita bila mgonjwa wa macho, na Desemba Padri alinipa barua, pamoja na maneno machache ya Sista yaliyoandikwa chini kwa mkono wake, ambayo ninayo mpaka leo na sitayanakili hapa. Nilitakiwa chuoni Januari. Asubuhi ya kuondoka, sanduku langu lilikuwa barazani nikingoja lori la kahawa la kwenda Songea, Mama Otilia amenifungia mihogo ya kuchemsha kwa njiani. Tulitegemea wasichana wetu ishirini na wanne warudi siku ile. Sista ndiye aliyeona kwanza, akaniita. Mteremko wa kutoka ziwani ulikuwa na msururu wa watu, akina mama na watoto wa kike, wanapanda polepole kwa kupumzika. Mbele walikuwa wale watatu walioondolewa mwaka uliopita. Nyuma yao walikuja wetu, na nyuma ya wetu wengine ambao hatukuwajua kabisa, wa vijiji ambavyo Padri mwenyewe alikuwa hajavifikia. Na kila msichana, mkubwa kwa mdogo, kichwani alikuwa na chungu kidogo kipya. Habari zilikuwa zimetembea ukanda wote wa ziwa, zikageuka njiani, hata mama zao wakaamini kwamba chungu ni kifaa cha shule kama daftari na sare, na asiye nacho hapokelewi.

Sista alihesabu kwa kidole, akafika thelathini na nane, akapoteza hesabu. Vitanda vilikuwa ishirini na saba. Akaingia ndani, nikadhani amekwenda kumwita Padri, lakini alitoka na majembe mawili; moja akampa Mama Otilia, jingine akalishika mwenyewe, akapandisha mikono ya kanzu, na wanawake wale wawili wakaelekea mteremkoni kuongeza ngoro. Lori likapiga honi barabarani. Nilikwenda nikamwambia dereva anipitie kesho, nikavua viatu vyangu vya safari, nikashuka kuwapokea wageni.